Isaka, Kati ya Wanyamwezi na Wasukuma

Reli mpya ya kisasa ya Tanzania inajengwa kwa vipande, na viwili kati ya hivyo vinakutana Isaka. Cha kusini, kutoka Tabora, kina kilomita 165 ukijumlisha njia za kupishana. Mkataba wake ulitiwa saini Julai 2022 na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi. Cha kaskazini, kwenda Mwanza, kina kilomita 341 na kilikabidhiwa kampuni mbili za Kichina Januari 2021. Waliovigawa walikuwa wanahesabu tuta, madaraja na fedha. Makabila hayakuwamo katika hesabu zao. Hata hivyo mgawanyo wao umeangukia karibu sana na mpaka wa zamani. Ukitoka Isaka kwenda kusini unaingia Unyamwezi, ukienda kaskazini unaingia Usukuma. Hata Waingereza waliupitisha mpaka wao wa majimbo jirani na hapo: Kahama, ambayo Isaka ilikuwa sehemu yake, ilihesabiwa katika Jimbo la Magharibi pamoja na Tabora, na Shinyanga katika Jimbo la Ziwa pamoja na Mwanza.

Lakini huo mpaka si wa kuuamini sana. Mzee wa Nzega na mzee wa Kwimba wakikaa pamoja, kila mmoja akisema kwa lugha ya kwao, wanaelewana vizuri. Wenyeji wa Kahama na vijiji vya Isaka wengi wanasema Kidakama, na hata wanaisimu wanasita kukiweka upande mmoja. Pande zote mbili zilitawaliwa na watemi ambao mvua ilikuwa dhamana yao na waliochaguliwa na wazee wa ikulu kwa taratibu zinazofanana. Pande zote wanakausha viazi kuwa michembe na matobolwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Kitu kilichowatenganisha hakiko katika damu wala katika mila. Kilikuja baadaye, na kina tarehe zake.

Tuanze na karne ya 19, wakati Unyamwezi ulikuwa mbele.

Kabla Waarabu hawajafika Tabora, Wanyamwezi walikuwa tayari wanafanya biashara ya mbali. Chumvi ilitoka Uvinza. Majembe yalitoka kwa Warongo, wafua chuma wa upande wa Geita, na jembe lilikuwa fedha kamili: lilinunua mbuzi na lilitolewa mahari. Shaba ilifuatwa Katanga. Mmoja wa watoto wa wafanyabiashara hao wa shaba, Msiri, aliyetoka Usumbwa magharibi ya Kahama, alikwenda huko akabaki, akajenga dola ya Garenganze iliyodumu mpaka alipouawa na watu wa Mfalme Leopold Desemba 1891. Wajukuu wa wafuasi wake, Wayeke, wapo Bunkeya mpaka leo, na wanajua asili yao ni Unyamwezi.

Pembe za ndovu zilipopanda bei Unguja, njia ilikuwa tayari na watembeaji walikuwa tayari. Kuanzia miaka ya 1850 Kazeh, yaani Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda kwa kupitia nchi ya Kahama. Upagazi kwa Mnyamwezi haukuwa kazi ya mnyonge. Kijana alilima wakati wa masika, na mvua zilipokatika alijiunga na msafara akabeba frasila mbili hadi pwani, pamoja na mkeka wake, sufuria yake na silaha yake. Alilipwa kwa vitambaa. Aliporudi na merikani, kaniki, shanga na pengine gobore, alikuwa mtu mzima machoni pa wenzake, na ambaye hajawahi kuiona bahari alichekwa. Wanyamwezi waligoma safarini pale posho ilipopunguzwa, walitua mizigo pale kiongozi alipozidisha mwendo, na wageni waliowaajiri waliandika malalamiko mengi juu ya ukaidi wao. Malalamiko hayo leo ni ushahidi mzuri kwamba walijua thamani ya kazi yao. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulizaliwa katika njia hiyo.

Utajiri huo ulikuwa na upande wake mchungu, na si haki kuuruka. Wanaume wakiwa safarini, shamba lilibaki kwa wanawake. Na mwenye uwezo alinunua watumwa, wengi wao kutoka Manyema, wakamlimia. Upagazi huru wa mmoja ulisimama juu ya utumwa wa mwingine.

Mwezi wa Julai 1858 Mwingereza John Hanning Speke alimwacha mwenzake Burton Kazeh, akaelekea kaskazini kwa kupitia Msalala, nchi ambayo jina lake ndilo leo jina la halmashauri yenye Isaka. Agosti 3 alikuwa Mwanza akilitazama ziwa. Njia yake haikuwa mbali na ile ambayo reli ilikuja kuifuata miaka 70 baadaye. Alipita katikati ya watu wenye ng'ombe wengi na vijiji vilivyosongamana, watu ambao msafara mkubwa wa pembe haukuwa umewagusa kama ulivyomgusa Mnyamwezi. Huo ulikuwa Usukuma wa wakati ule: nchi ya mtama, ng'ombe na watemi wadogo wadogo, kila mmoja na himaya yake. Wasukuma nao walibeba mizigo, lakini walikuwa wachache, na walipofika Bagamoyo hakuna aliyewauliza kwao hasa ni wapi. Kwa watu wa pwani kila mpagazi wa bara ile alikuwa Mnyamwezi.

Njia iliwatajirisha Wanyamwezi, na njia hiyo hiyo ikawagombanisha. Kuanzia 1871 Mirambo wa Urambo aliwafungia Waarabu wa Unyanyembe barabara ya kwenda Ujiji, akapigana nao, akatoza ushuru, akakusanya vijana wa rugaruga waliokuwa wamekatwa na koo zao na kuishi kwa bunduki. Alipofariki Desemba 1884 dola yake ilimfuata kaburini mapema. Januari 1893 Wajerumani walipovunja boma la Isike mjini Tabora, mtemi huyo aliilipua baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Usukuma haukuwa na Mirambo wala Isike. Pigo lake kubwa la miaka hiyo lilikuja kwa mifugo: sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe Afrika Mashariki yote, na mchungaji aliumia kuliko mpagazi. Kama mtu angeulizwa mwaka 1895 ni nani atakayekuwa tajiri baada ya miaka 50, sidhani angemtaja Msukuma.

Mwaka 1912 garimoshi lilifika Tabora. Mwaka 1914 lilifika Kigoma. Kazi iliyowalea Wanyamwezi kwa vizazi kadhaa ilikufa katika miaka hiyo miwili mitatu. Wajerumani walikuwa pia wameanza kuandaa reli ya kutoka Tabora kwenda Rwanda, vita ikaizima. Vita ikaurudisha upagazi kwa mara ya mwisho, lakini safari hii kwa kamba: wanaume walikamatwa kubebea majeshi, na Septemba 1916 Wabelgiji walipoingia Tabora walikuta nchi iliyokamuliwa.

Mnyamwezi alikuwa na ujuzi mmoja uliobaki, kusafiri kutafuta ujira, na huo ndio uliotumika. Alikwenda Tanga kukata mkonge kwa mkataba, akawa manamba. Alikwenda Unguja kuchuma karafuu, na wengi hawakurudi. Tofauti na baba yake, hakuondoka wakati wa kiangazi akarudi kupanda. Mkataba haukujua masika.

Huku nyumbani msitu ulikuwa unarudi. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu udhibiti wa mazingira Afrika Mashariki, alieleza jinsi vita, njaa na magonjwa vilivyowatoa watu mashambani, vichaka vikarudi, na pamoja na vichaka mbung'o. Unyamwezi ni mfano ulio wazi. Mahali ambapo mashamba yaliachwa miombo ilirudi, ng'ombe wakafa kwa nagana na watu wakaugua malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa Kahama na sehemu nyingine za Jimbo la Magharibi kutoka nyumba zao zilizotawanyika, ikawakusanya katika makazi ya pamoja ili mbung'o wasiwafikie. Maelfu ya watu walihama kwa amri, na mahame yao yakawa pori ambalo baadaye liliandikwa kwenye ramani kuwa hifadhi ya misitu. Msomaji anayeona leo eneo kubwa la kijani kati ya Tabora na Kahama akadhani ni pori la asili, anatazama kwa sehemu fulani mashamba ya watu.

Shinyanga ilifanya kinyume. Charles Swynnerton, aliyesimamia vita dhidi ya mbung'o, alifanya makao yake huko, na kila kiangazi watemi waliita watu kwa maelfu kukata na kuchoma vichaka. Wasukuma walikuwa wengi, walikuwa nyumbani, na walikuwa na sababu: kila ekari iliyosafishwa ilikuwa malisho. Mbung'o wakarudi nyuma. Ng'ombe wakaongezeka. Miti ikaisha pia, na deni hilo lilikuja kudaiwa miaka 50 baadaye.

Kisha reli ya Tabora hadi Mwanza ikakamilika mwaka 1928, ikiwa na kituo Isaka. Kwa Mnyamwezi reli ilikuwa imechukua kazi. Kwa Msukuma ilileta zao. Pamba ililimwa tangu enzi za Wajerumani, lakini bila reli ilikuwa mzigo usiotoka. Sasa marobota yalishuka Tabora hadi Dar es Salaam, au yalivuka ziwa kwenda Kisumu na Mombasa.

Pamba ndiyo sura nene kuliko zote katika habari hii, na ndani yake kiini ni mizani. Mkulima alilima kwa mkono, alipalilia, alichuma, alibeba kichwani hadi kwa mnunuzi, mara nyingi Mhindi mwenye duka au wakala wa jineri. Mnunuzi ndiye aliyepima. Mkulima asiyejua kusoma alitazama mshale ukicheza, akaambiwa ratili ambazo alijua kwa mgongo wake kuwa si hizo. Hakukuwa na wa kumwamua. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wakaja na dawa isiyo na makuu: wakaweka mizani yao wenyewe na wapimaji wao kabla pamba haijafika kwa mnunuzi. Paul Bomani, kijana aliyekuwa akishughulika na ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika Mwanza, alipita vijijini akiwahimiza. Kutoka mizani vikaja vyama vya msingi, kutoka vyama vya msingi ikaja, mwaka 1955, Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia wakati wa uhuru shirikisho hilo lilikuwa likinunua pamba yote ya Jimbo la Ziwa, lilikuwa na majineri yake, na lilitajwa kuwa ushirika mkubwa kuliko wote wa Waafrika barani.

Fedha za pamba zilionekana kwa macho. Mabati yalipanda juu ya nyumba, baiskeli zikajaa, vyama vya msingi vikachangia shule. Sehemu kubwa, hata hivyo, iligeuzwa ng'ombe. Maofisa wa kilimo walilalamika kwamba Msukuma anaficha fedha zizini, na walidhani ni ujinga. Binafsi naona hesabu yake ilikuwa sawa. Ng'ombe alizaa, benki ya kijiji haikuwapo, mahari ya mtoto wa kiume ilihesabiwa kwa mifugo, na mwaka wa ukame ng'ombe aliweza kutembea kwenda kwenye majani wakati pamba haiwezi. Serikali ilijaribu kumpunguzia mifugo kwa nguvu kupitia mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza 1947, ikatunga amri nyingi za matuta, mihogo na idadi ya ng'ombe. Amri hizo zilikitayarishia chama cha TANU wanachama kuliko mkutano wowote wa hadhara.

Sensa ya 1957 iliwahesabu Wasukuma zaidi ya milioni moja, na Wanyamwezi kama 360,000. Kati ya watu hao wa lugha karibu moja, mmoja alikuwa na zao la fedha, reli, ushirika na shirikisho la watemi lenye makao yake Malya. Mwingine alikuwa na vijana wake Tanga.

Unyamwezi haukubaki mtupu kabisa. Ulikuwa na mji. Tabora ilikuwa na Waislamu wenye elimu ya dini iliyofika kwa njia ya msafara, ilikuwa na wamisionari wa Kipalapala tangu miaka ya 1880, na tangu 1925 ilikuwa na shule ya serikali iliyokusudiwa watoto wa watemi wa Tanganyika nzima. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937. Ila shule iliyo kwako si lazima iwe shule yako: wanafunzi walitoka kila pembe, na mtoto wa mkulima wa Kahama hakupata nafasi kwa sababu tu kengele ililia karibu na kwao. Viongozi walitoka pande zote mbili. Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiha, Shinyanga, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru. Utemi wenyewe ulifutwa 1963, Usukuma na Unyamwezi kwa siku moja.

Mwaka 1958 unaonyesha vizuri tabia mbili za kisiasa zilizokuwa zimejengeka. Januari, TANU ilikutana Tabora na kukubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, uamuzi ulioitwa wa busara. Mji wa njia panda ulifaa kwa mkutano wa watu waliotoka mbali. Miezi michache baadaye Geita ilichemka. Wakulima walilikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilowekewa, wakaenda kwa maelfu hadi Mwanza kulalamika, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika eneo hilo tangu 1954, kwa hiyo nguvu iliyowasukuma haikuwa matawi ya chama. Ilikuwa mazoea ya kukutana, kuchanga na kuchagua wasemaji, waliyojifunza kwenye mizani.

Unyamwezi ulipata zao lake kwa mlango wa nyuma. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulikuwa na shamba Urambo, ukaanguka kabla miaka mitano haijaisha. Katika ardhi na majengo yaliyobaki ikapandwa tumbaku, kwanza na walowezi, kisha na wananchi. Udongo wa kichanga uliomshinda mkulima wa karanga uliipenda tumbaku, na miombo ile iliyorudi baada ya malale ikawa kuni za kukaushia katika mabani. Tumbaku ililipa vizuri, lakini ilikuwa zao la mikopo. Mkulima alianza msimu akidaiwa mbolea, akamaliza akisubiri daraja atakalopewa jani lake na mnunuzi. Mkulima wa pamba aligombea uzito. Mkulima wa tumbaku aligombea daraja, na daraja halina mizani ya kuweka pembeni.

Isaka na Kahama zilikaa katikati ya mazao haya mawili. Chama kikuu cha ushirika cha Kahama, KACU, kimekuwa kikishughulika na pamba na tumbaku vyote, jambo ambalo wenzao wa Shinyanga au wa Tabora hawakulazimika kulifanya kwa kiasi hicho.

Katikati hapo ndipo Wasukuma walipoanza kuhamia. Kufikia miaka ya 1950 ng'ombe wa Shinyanga na Kwimba walikuwa wamezidi malisho. Geita ilikuwa imefunguliwa na kujaa. Njia nyingine ilikuwa kusini, Nzega na Kahama, ambako Wanyamwezi walikuwa wachache na ardhi tele. Walipokelewa. Mwenye kijiji alijua faida yao: ng'ombe wakila vichaka mbung'o hurudi nyuma, na Msukuma alikuja na jembe la kukokotwa. Alikuja pia na majaruba. Mbuga za udongo mzito mweusi ambazo Mnyamwezi alizipita kwa miguu akitafuta kichanga cha mihogo na karanga, Msukuma alizigawa kwa matuta, akashika maji ya mvua, akavuna mpunga. Mchele wa Kahama unaouzwa leo katika masoko ya mbali umetoka katika kazi hiyo. Watoto walioana. Waliokuja wakawa wengi kuliko wenyeji katika vijiji kadhaa, na mara nyingi haikuwa habari. Ugomvi ulipotokea ulikuwa wa mizinga ya nyuki iliyochomwa pamoja na msitu, au wa njia ya ng'ombe iliyokatiza shamba.

Kisha zikaja dhiki ambazo hazikuchagua. Kati ya 1974 na 1976 watu walihamishiwa vijijini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ule ushirika uliozaliwa na mizani ukawa idara ya mamlaka ya serikali. Malipo yalichelewa, pamba ilioza ghalani, wakulima wakapunguza ekari. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilipoisha, bunduki zilibaki mikononi mwa watu wasiostahili. Wizi wa ng'ombe ukawa ujambazi. Polisi walikuwa mbali, na walipofika waliomba mafuta ya gari.

Jibu lilitoka katika vijiji vya mpakani mwa Kahama na Shinyanga, karibu mwaka 1981 na 1982: sungusungu, ambao wenyewe wengi walijiita wasalama. Kila nyumba ilitoa mtu. Silaha ilikuwa upinde na mishale, simu ilikuwa filimbi na mwano, ule ukelele wa kuitana ambao kila aliyeusikia alilazimika kutoka na kufuata unyayo wa ng'ombe mpaka kijiji kinachofuata, nacho kiupokee. Uongozi ulichukua majina ya zamani: ntemi, katikiro, makamanda. Karibu miaka 20 baada ya serikali kufuta utemi, watu waliuchukua jina wakampa mtu waliyemchagua wenyewe. Asiyeshiriki hakupelekwa mahakamani. Alitengwa, hakuna wa kumpa moto wala kumzika.

Mwanaanthropolojia Ray Abrahams, aliyekuwa ameishi Kahama akiwachunguza Wanyamwezi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba harakati hii haikuwa ya kabila moja. Na isingeweza kuwa. Mwizi akivuka kutoka kijiji cha Wasukuma kwenda cha Wanyamwezi, mwano ulipaswa kueleweka pande zote. Ulieleweka. Ubaya wake ulikuwa wa pamoja pia: mbali na wezi, sungusungu waliwaandama watu waliotuhumiwa uchawi, na waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Serikali ilisitasita, ikawashtaki baadhi, ikawasifu wengine, na mwishowe mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua.

Dhahabu na makontena nitavipitia upesi, kwa kuwa havikubadilisha uwiano wa watu hawa wawili, viliwapita wote. Agosti 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliondolewa kwa amri, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji 2001. Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, ulifunguliwa 2009 na kusitisha uzalishaji 2021. Ajira nyingi nzuri zilihitaji vyeti, na vyeti vilitoka mikoa yenye shule nyingi. Isaka, baada ya kuwa kituo kidogo cha treni, ilipata bandari kavu katika miaka ya 1990: shehena za Rwanda na Burundi zinatoka Dar es Salaam kwa reli, zinapakiwa kwenye malori, zinakwenda Rusumo. Chakula cha wakimbizi waliofurika Ngara mwaka 1994 kilipita huko pia. Reli ya Rwanda waliyoiota Wajerumani ikawa, mpaka sasa, barabara ya lami. Mji uliota mama lishe, gesti, mafundi wa matairi na wabadilisha fedha. Waliomiliki malori walikuwa wa Dar es Salaam, Kigali na Mombasa. Wenyeji, Wadakama kwa Wasukuma, waliuza mchele, kuku na vitanda.

Kulinganisha hali zao leo kwa tarakimu si rahisi, maana sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Tunacholinganisha ni mikoa, na mikoa imechanganyika. Lakini mwendo wa watu unaonekana bila sensa. Usukuma ulilipa deni la miti: Shinyanga ilianza kuitwa jangwa, na mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI wa kuirudishia ardhi yake uoto. Mradi ulifaulu pale ulipoacha kugawa miche na kurudi kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kufunga eneo la malisho mpaka kiangazi. Hata hivyo ngitili haikutosha ng'ombe wote. Familia ziliendelea kushuka: Igunga, Urambo, Katavi, Rukwa, bonde la Usangu, Kilombero.

Kwa hiyo wamebadilishana nafasi. Mnyamwezi wa Urambo au Sikonge, mjukuu wa watu waliofika Katanga na Unguja, yupo nyumbani na bani lake, mizinga yake na deni lake la mbolea. Msukuma, ambaye Speke alimkuta ametulia na mifugo yake, ndiye anayekutwa kila mahali njiani. Mwaka 2006 na 2007 serikali ilipowaondoa wafugaji Ihefu, katika bonde hilo la Usangu, ili kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, maelfu ya ng'ombe walisukumwa kuelekea Pwani na Lindi, mikoa ambayo wengi wa wenyeji wake hawakuwa wafugaji wa ng'ombe. Malumbano ya malisho na mashamba yakafuata huko, katika Kilwa, Liwale na Rufiji. Katika kundi lile la wafugaji walikuwamo Wasukuma, Wanyamwezi, Wataturu na wengine. Wenyeji mara nyingi huwaita wote Wasukuma.